MAISHA YA WILLIAM SMITH, MWANA WA MHUNZI ALIYEISOMA ARDHI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Sisi wa Kidato cha Nne tumo katika majira ya mtihani. Kila siku wako wanaoamka kabla ya kengele ili wapate kukariri. Mimi ni mmoja wao, na sehemu inipayo taabu kuliko zote ni ile ya Jiografia ihusuyo miamba. Katika mtihani wa majaribio wa muhula huu tuliulizwa tueleze jinsi umri wa matabaka ya miamba unavyojulikana. Nilikuwa nimekariri kurasa nne nzima. Niliandika majina yote niliyoyakumbuka, lakini niliyapanga ya chini juu na ya juu chini, nikapata alama 6 katika 25.

Mwalimu wetu hakunigombeza. Alinichukua mimi na wenzangu watatu mpaka nyuma ya jiko, mahali panapochimbwa shimo jipya la choo, akatuamuru tushuke kwa ngazi tukautazame ukuta wa shimo. Juu tuliona udongo mweusi, chini yake udongo mwekundu, chini yake tena changarawe, na chini kabisa udongo mweupe mgumu wa mfinyanzi. Katika ule udongo mweusi tulikuta kopo lililoliwa na kutu. Katika ule mwekundu tulikuta kigae cha chungu cha kale. Mwalimu akatuuliza ni kipi kilichotangulia kufika pale, kopo au kigae. Swali hilo hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulijibu. Kisha akatuambia kwamba swali lililotushinda katika mtihani ndilo lilo hilo, na kwamba mmoja wa watu waliowafundisha walimwengu kulijibu alikuwa mwana wa mhunzi wa kijijini, jina lake William Smith. Nilikwenda maktaba kumtafuta bwana huyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

William Smith alizaliwa tarehe 23 Machi, 1769, katika kijiji cha Churchill, jimbo la Oxfordshire, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi. William alipokuwa na umri wa miaka 8 tu, baba yake alifariki dunia, naye akalelewa na ndugu wa baba yake aliyekuwa mkulima. Alisoma katika shule ya kijiji, na elimu aliyoipata huko ilikuwa ndogo. Chuo kikuu hakukanyaga.

Kijiji cha Churchill ki mbali na bahari, lakini katika mashamba yake kulikuwa na mawe ya ajabu. Watoto waliokota vijiwe vya mviringo vyenye umbo la kombe wakavichezea kama gololi. Wasichana waliokamua ng'ombe nao walikuwa na mawe mengine, makubwa kama andazi, ambayo waliyatumia katika mizani kupimia siagi, kwa kuwa uzito wake ulikuwa karibu ratili moja. Vile vijiwe vilikuwa kombe za baharini zilizogeuka mawe, na yale makubwa yalikuwa wanyama wa baharini wa mviringo wenye miiba, nao pia wamegeuka mawe. Mabaki ya namna hiyo siku hizi twayaita visukuku. William alipenda kuyaokota na kuyaweka. Mlezi wake hakupendezwa na mchezo huo, kwani aliona kwamba mawe hayamlishi mtu. Hata hivyo alimpa kijana fedha kidogo za kununulia vitabu, naye akajifundisha peke yake hesabu za maumbo na kazi ya kupima ardhi.

Mwaka 1787 alifika Churchill mpima ardhi mmoja jina lake Edward Webb. Alimwona kijana huyu kuwa ana akili na bidii, akamchukua awe msaidizi wake. William alikuwa na umri wa miaka 18, yaani karibu sawa na sisi tunaokaa mtihani mwaka huu. Alikwenda kukaa kwa Bwana Webb katika mji wa Stow-on-the-Wold, akajifunza kazi kwa kuifanya. Alibeba mnyororo wa kupimia, akavuka mashamba na mabonde, na kila alikopita alitazama rangi ya udongo na namna ya mawe.

Mwaka 1791 alitumwa jimbo la Somerset kupima shamba kubwa la bibi mmoja tajiri. Alikwenda huko kwa miguu. Katika shamba hilo kulikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na Smith aliteremka ndani yake mara nyingi. Wachimbaji walimwonyesha kwamba makaa yamelala kati ya matabaka mengine ya mawe, na kwamba kila walipochimba shimo jipya waliyakuta matabaka hayo kwa mpango ule ule. Lakini walidhani mpango huo uko kule chini tu, palipo makaa. Juu ya makaa, walisema, mambo yamevurugika. Smith hakukubali upesi. Alijiuliza: ikiwa kuna mpango chini, kwa nini usiwepo juu pia? Swali hilo lilimshika maisha yake yote.

Bahati yake ilikuja kwa njia ya maji. Zama zile hapakuwa na reli za garimoshi, na makaa yalisafirishwa kwa mashua katika mifereji iliyochimbwa na watu. Wenye machimbo ya Somerset waliunda kampuni ili wachimbe mfereji wao, na mwaka 1793 Smith alianza kuwapimia njia. Mwaka wa pili yake alifuatana na wakubwa wawili wa kampuni kwa gari la farasi wakaizuru mifereji ya sehemu nyingine, safari ya maili 900 hivi, mpaka kaskazini huko Newcastle. Wenzake walikwenda kutazama mifereji. Smith alitazama mifereji, na tena alichungulia vilima vyote walivyopita, kuona kama mpango aliouona Somerset ungeonekana na huko. Akauona.

Uchimbaji wa mfereji ulipoanza mwaka 1795, ilikuwa kana kwamba ardhi imekatwa kwa kisu ili Smith aisome. Aliona kwamba matabaka hayakulala sawasawa kama mkeka, bali yameinama kidogo kuelekea mashariki. Mwenyewe alipenda kuyafananisha na vipande vya mkate uliopakwa siagi, vilivyolazwa katika sahani kimoja kikiegemea kingine. Kwa sababu hiyo mtu akitembea kutoka magharibi kwenda mashariki hukanyaga ukingo wa tabaka moja baada ya jingine, kutoka la zamani hadi la karibuni, bila kuchimba hata shimo moja.

Kwamba tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu yake, hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1669 na mtaalamu mmoja wa Denmark, Nicolaus Steno. Lakini palibaki tatizo kubwa. Tuseme umeona mfinyanzi wa kijivu hapa, na kesho umeona mfinyanzi wa kijivu katika mahali palipo mbali maili 50. Utajuaje kama hilo ni tabaka moja au ni matabaka mawili yanayofanana? Rangi haitoshi. Ugumu hautoshi. Hapo ndipo Smith alipoyakumbuka mawe aliyoyaokota utotoni. Aligundua kwamba kila tabaka lina visukuku vyake. Kombe za namna hii hupatikana katika tabaka hili, na ukipanda juu hutazikuta tena, bali utakuta za namna nyingine. Hata matabaka mawili yakifanana kama pacha, visukuku vyake huyatenganisha. Basi visukuku vilikuwa kwake kama nambari za kurasa katika kitabu. Kitabu kikichanika, mwenye nambari ataweza kukipanga tena.

Jioni moja ya Januari, 1796, akiwa katika nyumba ya wageni huko Dunkerton, aliyaandika mawazo hayo katika karatasi. Alikuwa na miaka 26.

Wasomaji, hapa niliposoma nilisimama kidogo. Mimi nilikuwa nimeikariri kanuni hiyo ya visukuku kwa maneno matupu, wala sikujua kwamba mtu aliipata kwa kukanyaga matope ya mfereji.

Sasa nitaeleza kosa la Bwana Smith, kwa maana habari za mtu mkuu si za sifa tupu. Smith alikuwa mwepesi wa kusema na mzito wa kuandika. Aliyemwuliza alimwambia yote bila kificho. Alifanya urafiki na makasisi wawili wa upande wa Bath waliopenda elimu ya mawe, Benjamin Richardson na Joseph Townsend. Kasisi Richardson alikuwa na mkusanyo mzuri wa visukuku, lakini hakujua mpango wake. Smith aliutazama akampangia vyote kwa taratibu ya matabaka yalikotoka, hata mwenye mali akastaajabu. Mwaka 1799, katika nyumba ya Townsend mjini Bath, Smith aliyataja matabaka yote aliyoyajua, tangu chaki iliyo juu hadi makaa yaliyo chini, jumla 23, na Richardson akayaandika. Karatasi hiyo ilinakiliwa ikapita mkono kwa mkono, ikafika mbali. Smith hakuitoa kwa chapa. Watu wakaitumia elimu yake, na wengi wao hawakujua ni ya nani.

Mwaka huo huo wa 1799 kampuni ya mfereji ilimwachisha kazi. Tangu hapo aliishi kwa kuitwa huku na huku. Aliwakaushia wakulima mashamba yenye maji mengi, na katika Norfolk alisaidia kuzuia bahari isiingie mashambani. Mwaka 1810, chemchemi ya maji moto ya mji wa Bath ilipopotea, yeye ndiye aliyeifuata chini kwa chini akairudisha. Aliwaonya pia watu waliotafuta makaa mahali pasipo na makaa. Karibu na Bruton, katika Somerset, watu walichimba mfinyanzi mweusi kwa kuwa ulifanana na mawe yanayofuatana na makaa. Smith alitazama visukuku akajua kwamba tabaka hilo liko juu mno, na kwamba fedha zao zinazama bure. Kutoka hapa twaona kwamba elimu ya visukuku haikuwa ya kujipamba tu. Aliyeijua aliokoa mali, na aliyeipuuza alifilisika.

Katika safari hizo zote alikuwa na kusudi moja. Alitaka kuchora ramani ya Uingereza nzima itakayoonyesha kila tabaka kwa rangi yake. Alisafiri maelfu ya maili kila mwaka, kwa gari la farasi, juu ya farasi na kwa miguu, na mapato yake yote yaliishia njiani. Hakusaidiwa na serikali, wala hakuwa na kundi la wapimaji chini yake.

Mnamo 1807 mabwana wenye elimu na mali waliunda chama cha jiolojia huko London. Smith, aliyejua mambo ya matabaka kuliko wote, hakuingizwa. Mwaka 1808 baadhi yao, pamoja na rais wao George Bellas Greenough, walikwenda nyumbani kwake wakatazama visukuku na michoro yake, kisha wakaondoka. Smith alikuwa mwana wa mhunzi, na tena alifanya kazi kwa ujira. Kwa mabwana wa siku zile mtu wa namna hiyo hakuhesabiwa kuwa mwenzao.

Hatimaye, mwaka 1815, ramani ilitoka kwa chapa kwa msaada wa mchapaji ramani John Cary. Ilikuwa na karatasi 15, na zikiunganishwa hufanya ramani ndefu kupita urefu wa mtu, karibu meta 2.6 kwenda juu na meta 1.8 kwa upana. Inchi moja ilisimama badala ya maili 5. Kila nakala ilipakwa rangi kwa mkono, na rangi ilikolezwa katika ukingo wa chini wa kila tabaka, ili mtazamaji aone tabaka lipi limelalia lipi. Zilitengenezwa nakala 400 hivi. Hapakuwa na ramani ya namna hiyo iliyopata kufanywa kwa nchi nzima, nayo ilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Ingekuwa hadithi ya kubuni ningesema kwamba alitajirika akakaa raha mustarehe. Haikuwa hivyo. Smith alikuwa amenunua nyumba na shamba karibu na Bath, akakopa fedha ili afungue machimbo ya mawe ya kujengea. Mawe yakawa hafifu, na biashara ikaanguka. Ajabu iliyoje, kwamba mtu aliyewaonya wengine juu ya mawe yao alipoteza mali yake kwa mawe! Nyumbani nako kulikuwa na huzuni. Mke wake, Mary Ann, alikuwa na maradhi ya akili. Tena alikuwa akimlea mpwa wake, John Phillips, mtoto wa dada yake, aliyekuwa yatima. Ili alipe madeni Smith aliuza hata visukuku vyake, matunda ya kazi ya miaka mingi, kwa Makumbusho ya Uingereza. Visitoshe.

Wakati huo huo Greenough na wenzake walikuwa wakitengeneza ramani yao wenyewe, nao walitumia kazi ya Smith bila kumpa haki yake. Ramani yao ilitoka mwaka 1820. Nani angenunua ya mwana wa mhunzi wakati chama cha mabwana kina yake?

Tarehe 11 Juni, 1819, Smith alitiwa katika gereza la wadaiwa huko London. Alikuwa na umri wa miaka 50. Alikaa humo hadi tarehe 31 Agosti, wiki 11 na zaidi. Alipotoka aliikuta nyumba yake imekwisha kushikwa na wadai. Basi alimchukua mke wake na mpwa wake wakapanda gari la abiria kuelekea kaskazini, akaupa kisogo mji wa London.

Miaka iliyofuata waliishi maisha ya kuhamahama katika Yorkshire na majimbo ya jirani. Mjomba na mpwa walitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima, mzee akieleza na kijana akiandika na kuchora. Mahali pengine Smith alifundisha watu kwa mihadhara. Katika mji wa Scarborough wenyeji walipotaka kujenga nyumba ya makumbusho, Smith aliwashauri iwe ya mviringo, na visukuku vipangwe ukutani kwa taratibu ya matabaka, vya zamani chini na vya karibuni juu. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1829. Kuanzia 1828 alipata kazi ya kusimamia shamba la bwana mmoja huko Hackness, na hapo alipata utulivu kidogo.

Chama cha jiolojia nacho kilikuwa kimebadilika. Vijana walioingia humo walikuwa wamejifunza kwa njia ya Smith, nao walijua ni nani aliyeitoa. Mwaka 1831 chama hicho kilianza kutoa nishani iitwayo Wollaston, na mtu wa kwanza kabisa kupewa alikuwa William Smith. Rais wa chama, Profesa Adam Sedgwick, alimtaja mbele ya watu wote kuwa ni baba wa jiolojia ya Uingereza. Mwaka uliofuata serikali ilimpa malipo ya uzeeni, paundi 100 kila mwaka, na mwaka 1835 chuo kikuu cha Dublin kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Mtoto wa shule ya kijiji akawa Daktari Smith.

Kazi hakuiacha. Mwaka 1838 alikuwa mmoja wa waliochaguliwa kuzunguka nchi kutafuta mawe yafaayo kwa jengo jipya la Bunge huko London. Tarehe 28 Agosti, 1839, akiwa safarini kwenda mkutano wa wataalamu huko Birmingham, alifariki katika mji wa Northampton, mwenye umri wa miaka 70. Alizikwa hapo, penye kanisa la Mtakatifu Petro.

Matunda yake hayakuzikwa naye. Yule mpwa yatima, John Phillips, ambaye naye hakusoma chuo kikuu, alikuja kufundisha jiolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1841 Phillips aliyagawa matabaka ya dunia katika zama tatu kubwa kwa kufuata visukuku: Paleozoiki, Mesozoiki na Kenozoiki. Naam, ndiyo majina yale yale tunayoyakariri alfajiri huku tukipiga miayo! Na mwaka 1865, ramani ya Greenough ilipochapwa tena, ilikubaliwa juu ya ramani yenyewe kwamba msingi wake ni ramani ya William Smith ya 1815. Leo ramani hizo mbili zimetundikwa pamoja katika nyumba ya chama kile kile kilichomkataa.

Sasa wenzangu, tujifunze nini? Kwanza, wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Smith aliinama. Hakungoja elimu imfuate darasani, bali aliifuata katika machimbo, katika mfereji na katika matope. Sisi tuna vitabu ambavyo yeye hakuwa navyo, na mara nyingi twatosheka na vitabu hata tusitazame jiwe tulilolikalia.

Pili, tujifunze kutokana na kosa lake. Alijua mapema, akaandika kwa kuchelewa. Tangu matabaka 23 ya mwaka 1799 hata ramani ya mwaka 1815 ni miaka 16, na katika miaka hiyo wengine walikula katika sahani yake. Mtu akijua jambo na asiliandike sawasawa, mbele ya watu ni kama hakulijua. Sisi tutakaoingia katika chumba cha mtihani tukumbuke hilo zaidi ya wote. Msahihishaji hatatuona nyuso zetu, wala hatajua tuliyokuwa tukijadiliana bwenini. Ataona karatasi tu.

Tatu, ni neno kwa wale ambao baba zao si wakubwa. Hapa shuleni tumo wana wa wavuvi, wa wachunga ng'ombe, wa mama wauzao vitumbua. Tusidhani kwamba elimu ina wenyewe. Mabwana walimfungia Smith mlango wa chama, lakini hawakuweza kumfungia mlango wa ardhi. Na wale waliokuja baadaye waliona aibu, wakamfungulia.

Mimi tangu siku ile nimebadili namna ya kusoma. Nimeacha kukariri majina kama kasuku. Nimechora ukuta wa lile shimo katika daftari langu, kila udongo na rangi yake, kopo mahali pake na kigae mahali pake, na pembeni nimeandika sababu ya kila kitu kwa maneno yangu mwenyewe. Nikisoma habari ya tabaka lolote kitabuni, nalitafutia mahali katika mchoro ule, na majina sasa hukaa. Kama nitafaulu au sitafaulu, Mungu ndiye ajuaye. Lakini swali lile likija tena, sitaweka kopo chini ya kigae.

Nawaarifu wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu kwamba mafundi watajengea lile shimo kwa matofali mwisho wa mwezi huu. Anayetaka kusoma ukurasa ule na aende mapema, kabla haujafunikwa. Aombe ruhusa kwa mwalimu wa zamu, na ngazi airudishe.